Mwanga Hujibu Kilichoulizwa

Mwaka 1966, katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia nchini Marekani, Werner na Gertrude Henle, mume na mke waliokuwa wataalamu wa virusi, walitazama kwa hadubini seli za uvimbe zilizotoka kwa watoto wa Afrika. Walikuwa wamezitia rangi ambayo hung'aa kijani inapopigwa na mwanga mkali wa hadubini maalumu. Seli nyingi zilibaki nyeusi. Asilimia chache tu ziling'aa.

Jicho linaona kijani. Kijani hicho kinasema nini?

Wengi wetu tukisikia kwamba wanasayansi wana rangi za kuwasha seli za saratani, tunaona jambo limekwisha: kinachong'aa ni ugonjwa, kisichong'aa ni uzima. Ingekuwa rahisi hivyo, tusingehitaji madaktari, tungehitaji mafundi wa taa. Historia ya uvimbe huu mmoja, ulioelezwa kwanza Uganda, inaonyesha kwamba mwanga na maana ni vitu viwili, na kwamba safari ya kutoka cha kwanza hadi cha pili hufanywa na watu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa kiume aliyevimba mataya kote, juu na chini, kushoto na kulia. Jino bovu huvimbisha upande mmoja. Huyu alikuwa amevimba pande zote nne. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Hapo akaacha kuliona kama tukio la ajabu, akaanza kuuliza. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walipanda gari wakazunguka kwa wiki kumi, kuanzia Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali baada ya hospitali na kuuliza kama kuna watoto waliokwisha kuonekana wakiwa hivi. Burkitt alikuwa na jicho moja tu; la pili alilipoteza kwa ajali utotoni. Kwa jicho hilo na safari hiyo ya barabarani alichora ramani: uvimbe ulifuata nchi za joto na mvua, ukaepa miinuko yenye baridi. Ramani ile ilifanana na ya malaria.

Mwaka huo huo wa 1961 alitoa mhadhara London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akiamini kwamba virusi vinaweza kuleta saratani kwa binadamu. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinapelekwa kwake kwa ndege kutoka Uganda. Kwa karibu miaka mitatu hakupata kitu. Kisha Desemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa ndege wa London, ndege ikaelekezwa Manchester, mzigo ukachelewa. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa machafu. Mtu yeyote wa maabara anajua maana ya maji machafu: bakteria wameingia, mwaga. Epstein hakumwaga. Aliweka tone chini ya hadubini, akakuta seli za uvimbe ziko hai, zinaelea. Kutoka kwa seli hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walipata mbegu ya kukuzwa maabara, na mwaka 1964 wakatangaza kwamba hadubini ya elektroni imewaonyesha kirusi kipya ndani yake. Kirusi kikapewa majina ya Epstein na Barr. Ugonjwa ukapewa jina la Burkitt. Jina la mtoto wa Uganda aliyetoa seli zile halimo popote katika majina hayo, nami sioni vizuri kulipita jambo hilo kimya.

Hadubini ya elektroni iliwaonyesha umbo la kirusi. Haikuwaambia ni kirusi gani, wala kama kina uhusiano wowote na uvimbe. Ndipo seli zikapelekwa Philadelphia kwa akina Henle, nao wakachukua njia iliyobuniwa na Albert Coons wa Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Njia yenyewe inastahili kuelezwa polepole. Unatandaza seli za uvimbe kwenye slaidi. Unazidondoshea majimaji ya damu ya mgonjwa. Ikiwa mwili wa mgonjwa uliwahi kupambana na kitu kilichomo ndani ya seli zile, damu yake itakuwa na kingamwili, na kingamwili hizo zitakamata kitu hicho na kuking'ang'ania. Unaosha. Kisha unaongeza kingamwili nyingine, zilizofungwa kwenye rangi iitwayo fluoresini, ambayo kazi yake ni kukamata zile za kwanza. Unaosha tena, unawasha taa. Palipo na kijani, pana mkutano kati ya damu na kitu ambacho damu hiyo ilishakijua.

Wataalamu wana molekuli nyingi za aina hii siku hizi, na mimi nitaziita vitambuzi: kila kimoja kimeundwa kishike kitu kimoja na kibebe rangi itakayoonyesha kimeshika wapi. Lakini tazama nani alikuwa kitambuzi wa kweli mwaka 1966. Damu ya watoto wagonjwa ilikuwa inakijua kirusi kile kabla ya Epstein, kabla ya Henle, kabla ya jina lake. Rangi iliipa damu namna ya kusikika. Sijui kama kuna picha bora ya ujuzi kuliko hiyo: kitu kinachojulikana tayari mahali fulani mwilini, kikingoja mtu aulize kwa lugha inayofaa.

Akina Henle wakaendelea kuuliza. Walijaribu damu ya Wamarekani wazima wasio na saratani yoyote. Nyingi kati ya hizo nazo ziliwasha seli. Hapa ndipo mtu mwenye haraka angevunjika moyo au angedanganya. Kama kijani kilikuwa alama ya saratani ya mataya, kwa nini kinawaka kwa damu ya mtu wa Philadelphia ambaye hajawahi hata kumwona mgonjwa wa namna hiyo?

Jibu lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Katika maabara yao alikuwapo mfanyakazi mmoja kijana ambaye damu yake haikuwa na kingamwili zile. Ilikuwa ikitumika kama damu ya kulinganishia, ile inayotakiwa ibaki giza. Mwaka 1967 akaugua: homa, koo kuuma, tezi za shingo kuvimba, uchovu mkubwa. Ilikuwa homa ya tezi, ugonjwa unaojulikana sana kwa vijana wa Ulaya na Marekani, ambao kwa kawaida hupona wenyewe. Aliporudi kazini damu yake ilipimwa. Safari hii seli zilimulika. Mwaka uliofuata akina Henle na mwenzao Volker Diehl walitangaza kwamba kirusi cha uvimbe wa watoto wa Afrika ndicho kinacholeta homa ya tezi. Leo inajulikana kwamba zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho. Ndugu msomaji, karibu hakika unacho wewe, ninacho mimi.

Damu yangu na yako ingewasha slaidi ile. Na hatuna uvimbe.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua. Kijani cha mwaka 1966 hakikuwa kimeulizwa kama mtu huyu ana saratani. Kiliulizwa kama damu hii iliwahi kukutana na kirusi hiki, na kikajibu hilo kwa uaminifu kamili, kwa mgonjwa na kwa mzima. Aliyedhani kimejibu jambo jingine alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe. Huko ndiko makosa mengi ya wanadamu yanakozaliwa, hospitalini na nje yake: tunapokea jibu sahihi la swali dogo, tunalitangaza kama jibu la swali kubwa.

Zile seli nyeusi nazo zilikuwa na neno. Kama ni asilimia chache tu zinazong'aa, mtu angesema kirusi kimo katika seli chache, nyingine hazina, basi huenda kirusi ni mpita njia tu. Lakini mwaka 1970 Harald zur Hausen, aliyewahi kufanya kazi na akina Henle, alionyesha kwamba jeni za kirusi zimo hata katika seli za uvimbe zisizotoa kirusi kabisa. Na mwaka 1973, mjini Stockholm, Beverley Reedman na George Klein walitumia njia kali zaidi ya mng'aro, iliyotafuta protini nyingine ya kirusi, ile inayokaa ndani ya kiini cha seli. Safari hii karibu seli zote ziliwaka. Hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni swali. Mwanzoni waliulizia ganda la kirusi, na ganda hutengenezwa pale tu kirusi kinapozaana. Katika seli nyingi kirusi kilikuwa kimelala ndani ya kiini, bila ganda. Giza la 1966 lilikuwa ukweli kuhusu ganda, si kuhusu kirusi.

Kwa hiyo naamini giza linahitaji heshima ileile tunayoipa nuru. Katika maabara inayojiheshimu, slaidi ya mgonjwa haisomwi peke yake. Kando yake huwekwa slaidi inayojulikana kuwa itang'aa, na nyingine inayojulikana kuwa haitang'aa. Ile isiyong'aa ndiyo inayoipa ile inayong'aa haki ya kusema. Mfanyakazi yule kijana alitoa huduma kubwa kwa sayansi alipokuwa giza kuliko wengi waliokuwa nuru, kwa sababu bila giza lake la mwanzo, mwanga wake wa baadaye usingekuwa habari.

Nisimame kidogo kwenye malaria. Elimu yenyewe ya rangi hizi ilianzia kwenye dawa ya malaria ambayo babu na bibi zetu waliimeza kwa uchungu wake. Mwaka 1845 Mwingereza John Herschel aliona myeyusho wa kwinini, usio na rangi hata kidogo, ukitoa buluu juu juu ulipopigwa na jua. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge akaeleza kinachotokea: mwanga tusiouona huingia, kwinini huumeza, kisha huutoa ukiwa umepungukiwa nguvu kidogo, na sasa jicho linauona. Na malaria hiyo hiyo, inayomrudia mtoto mara kwa mara, ndiyo inayovuruga kinga yake na kuziacha seli zenye kirusi zizaliane bila mlinzi; mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Ufaransa, liliiweka malaria ya maeneo yenye maambukizi makubwa katika orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kirusi kiko kwa karibu watu wote. Malaria iko kwa wengi. Uvimbe huja kwa watoto wachache. Hakuna slaidi moja inayoweza kuonyesha sababu, maana sababu si kitu kilichokaa mahali pamoja.

Hata hivyo kuna swali moja ambalo mwanga hulijibu kwa namna inayokaribia sana kiini cha ugonjwa. Kufikia mwaka 1982 watafiti walikuwa wamebaini kwamba katika uvimbe wa Burkitt, kromosomu ya 8 hukatika, na kipande chake, mara nyingi, huhamia kwenye kromosomu ya 14. Jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike, hujikuta imehamishiwa karibu na swichi isiyozimwa. Leo maabara hutumia vitambuzi viwili, kimoja chekundu na kimoja kijani, vinavyoshika pande mbili za jeni hiyo. Katika seli yenye afya rangi hizo mbili zimekaa pamoja na jicho huziona kama njano. Kromosomu ikikatika, nyekundu huenda kwake na kijani hubaki kwake. Daktari hahesabu wingi wa mwanga. Anatazama umbali kati ya nuru mbili. Hata hapo hasemi neno la mwisho kwa sababu ya rangi peke yake, kwani MYC hukatika katika saratani nyingine za limfu pia. Anatazama umbo la seli, anatazama damu, anamtazama mtoto.

Vitambuzi vimetoka kwenye slaidi vikaingia chumba cha upasuaji. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kimoja cha saratani ya ovari. Katika jaribio lake, miongoni mwa wanawake 134 waliotazamwa kwa mwanga wa kawaida na wa kitambuzi, asilimia 26.9 walikutwa na angalau kidonda kimoja cha saratani ambacho macho na vidole vya daktari havikukiona. Hilo ni jambo kubwa. Na katika jaribio hilo hilo, takriban robo ya wagonjwa walikuwa na mahali palipong'aa pasipo na saratani. Namba zote mbili ni za kweli kwa pamoja, na daktari mwenye kisu mkononi anapaswa kuzibeba zote.

Kinachonifikirisha zaidi ni uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma. Mgonjwa hunywa dawa saa chache kabla ya upasuaji. Dawa haing'ai. Seli huigeuza kuwa porfirini, hatua ya mwisho kabla ya kutengeneza hemu, ile inayoipa damu wekundu wake. Seli nzima huongeza madini ya chuma na kumaliza kazi. Seli za uvimbe huchelewa kumaliza, porfirini hulundikana, na chini ya taa ya buluu hung'aa nyekundu. Mwaka 2006 Walter Stummer na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 270. Kwa waliopasuliwa chini ya mwanga huo, uvimbe unaoonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa. Kwa waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida, asilimia 36. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 41 dhidi ya 21. Lakini urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana kwa namna ya kuaminika.

Daktari aliona zaidi, akatoa zaidi, mgonjwa akapata miezi bora. Miezi bora si kitu kidogo kwa mtu na familia yake. Ila ugonjwa ule huonekana kwa uzuri wa kutisha na bado huua, kwa sababu baada ya kuonekana hakuna dawa ya kutosha.

Sasa weka kando yake uvimbe wa Burkitt. Huu hukua kwa kasi kuliko saratani karibu zote za binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo hiyo inaufanya uwe dhaifu mbele ya dawa zinazoshambulia seli zinazogawanyika. Burkitt mwenyewe aliona katika miaka ya 1960 watoto ambao mataya yao yalinywea baada ya dozi chache za saiklofosfamidi, na baadhi walikua hadi utu uzima. Mwaka 1967 kituo cha kuutibu kilifunguliwa Mulago, nacho kikakua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri, karibu watoto tisa kati ya kumi wenye uvimbe huu hupona siku hizi. Katika hospitali nyingi za kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo kwa mbali, na sababu zinafahamika: mtoto huletwa akiwa amechelewa, kinyama kilichokatwa kwa uchunguzi huchukua wiki kusomwa, dawa hukatika, nauli ya kurudi kwa dozi ya pili haipatikani, mama ana watoto wengine nyumbani.

Hizo wiki za kusubiri kinyama ndizo zinazoniuma. Kwa uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, jibu sahihi linalokuja baada ya wiki tatu si jibu. Nasema hivi bila kudharau vitambuzi. Ninavitaka viwepo Kisumu, Mwanza na Gulu kama vilivyo Philadelphia, pamoja na mpatholojia wa kuvisoma na umeme usiozimika. Lakini hadubini ya kawaida, rangi ya kawaida ya zambarau na jicho lililofunzwa vinatosha kuanzisha matibabu ya mtoto mmoja mmoja, vikifanya kazi leo. Maana ya mwanga katika tiba inapimwa kwa kile kinachofuata baada ya kuonekana. Nuru ya ajabu isiyofuatwa na dawa ina maana ndogo kuliko sindano ya kawaida iliyochomwa kwa wakati.

Kwa hiyo wenye kupanga bajeti za afya, fupisheni siku kati ya kinyama na jibu, na kati ya jibu na dozi ya kwanza. Kwa wazazi, walimu na wahudumu wa zahanati: mtoto akivimba taya kwa siku chache, meno yakilegea kabla ya wakati wake, jicho likitokeza, au tumbo likijaa haraka, msikubali liitwe jino bovu au wengu bila kupimwa. Mpelekeni hospitali kubwa wiki hiyo hiyo, ombeni kinyama kichukuliwe, na msiache dozi katikati hata uvimbe ukinywea. Ugonjwa huu hupona.